Studio Chini ya Kitanda

Kompyuta yangu ya kwanza ilikaa chini ya kitanda. Tulikuwa tunaishi Matisi, Kitale, chumba kimoja chenye pazia katikati, na feni ya ile mashine ilinguruma kama mashine ya posho. Nikitaka kurekodi naifunika kwa blanketi. Nikimaliza wimbo nafunua haraka isije ikaungua. Godoro lilisimamishwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda, maiki ilikuwa ya karaoke, na mwimbaji aliimba akitazama kona ya ukuta tulipotundika nguo, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Hiyo ndiyo ilikuwa studio. Nyimbo kadhaa tulizosikia kwenye matatu za Kitale na Bungoma miaka ile zilitoka kwenye vyumba vya namna hiyo, na hakuna abiria aliyeshtuka.

Nimekuwa nikijiuliza studio ilifikaje chini ya kitanda, na ni nini kilianguka njiani ikija. Ninayo sababu ya kuuliza, na sababu yenyewe ni mjomba wangu, lakini nitamfikia. Kwanza turudi nyuma.

Kwa muda mrefu mtu wa magharibi mwa Kenya aliyetaka sauti yake ibaki alikuwa na njia mbili tu: angoje mwenye mashine aje, au apande gari aifuate mashine iliko. Mwenye mashine aliyekuja, na ambaye wengi tumesikia habari zake, ni Hugh Tracey. Alizunguka Afrika Mashariki na lori na jenereta, maiki ameshika mkononi mwenyewe, anaisogeza kwa mwimbaji kisha kwa ngoma vile wewe ungesogeza kamera ya simu. Mwaka 1950 alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha", wakifuatana na kinanda cha nyuzi ambacho ni ndugu kabisa wa litungu letu la Bungoma. Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika kule kwa sahani za santuri, likatamkwa vile ulimi wa pale ulitaka. Miaka miwili baadaye, Jadotville huko Kongo, Tracey huyo huyo alimrekodi Mwenda wa Bayeke akipiga gitaa. Sahani za Mwenda zilisafiri mpaka kwetu. Vijana wa Kiluhya wakasikiliza, wakachanganya na yao, na mtindo wa omutibo ukapata umbo tunalolijua: gitaa kavu, vidole viwili vinavyogombana, na chupa ya Fanta inayogongwa na kukwaruzwa pembeni. George Mukabi aliupaisha mtindo huo kabla ya kufa mwaka 1963, na hadi leo mtu akiokota chupa ya Fanta baa yoyote ya Webuye, wazee wanageuza shingo.

Njia ya pili ilikuwa Nairobi. Daudi Kabaka alirekodi huko Equator Sound, kwa Charles Worrod, miaka ya 1960. Baadaye kukawa na River Road, na maduka yake yenye santuri chini na studio juu. Kwa aliyetoka kwetu, Nairobi ni kama kilomita 380, usiku mzima kwenye basi na gitaa magotini. Kulikuwa na nafuu moja katikati ya safari: Kericho, A.P. Chandarana alikuwa na duka la santuri na akarekodi wanamuziki wa bara bila kuwapeleka jiji kuu. Nadhani historia haijampa mzee huyo heshima yake. Ila hata Kericho, na hata kwenye lori la Tracey, mambo yalikuwa yale yale: mwenye mashine ndiye aliamua nani anaimba, anaimba kwa lugha gani, na anaishia wapi. Upande mmoja wa sahani ya 78 ulibeba kama dakika tatu. Mzee wa litungu ambaye wimbo wake ni kisa cha ukoo mzima, saa nzima usiku, alipewa dakika tatu, kisha asante, anayefuata.

Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba zamani kulikuwa na usafi fulani ambao kompyuta ilikuja kuuharibu. Mashine zote zina mipaka yake, na kila moja hukata wimbo mahali pake.

Mapinduzi yenyewe yalianzia mbali na sisi, tena kimya kimya. Mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitoa Cubase, ikiendeshwa kwenye kompyuta ya Atari. Mwaka 1991 ikaja Pro Tools, ambayo ilirekodi sauti yenyewe kwenye diski, lakini ilitaka vifaa vya bei ya shamba. Hatua iliyotufaa sisi wa chini ilikuwa ya 1996, Steinberg walipoleta VST, yaani njia ya kuweka mwangwi, kinanda na ngoma ndani ya kompyuta kama programu ndogo ndogo. Mashine zilizokuwa zinajaza chumba zikawa faili. Mwaka uliofuata Mbelgiji mmoja, Didier Dambrin, akaandika FruityLoops kwa kampuni ya Image-Line, ambayo kabla ya hapo ilikuwa inatengeneza michezo ya kompyuta. Na kweli ilionekana kama mchezo: visanduku 16 vimejipanga kwenye mstari, unabonyeza kimoja, ngoma inalia. Mwaka 2003 ikabadilishwa jina kuwa FL Studio. Mtaani hakuna aliyejali. Ilibaki "Fruity".

Nairobi nako nyumba zilikuwa zimeanza kugeuka studio. Tedd Josiah alishawapa Kalamashaka "Tafsiri Hii", Ogopa wakatuletea kapuka, na Clemo akaanzisha Calif Records kule mtaa wa California, Eastlands, genge likazaliwa. Sisi Kitale tulisikia redioni, tukajua kitu kimoja muhimu: hawa majamaa wanatengeneza hizi biti kwa kompyuta, na kompyuta hata sisi tunaweza kupata.

Fruity ilinifikia kwenye CD iliyochomwa, imeandikwa kwa kalamu ya wino, kutoka kwa kijana aliyekuwa akisoma Eldoret. Ilikuwa ya wizi, nikiri tu. Leseni halali ya toleo lenye kurekodi sauti ilikuwa kama dola 200, na mimi nilikuwa nauza kadi za simu. Kulikuwa na toleo la majaribio la bure, lakini ukihifadhi kazi yako huwezi kuifungua tena mpaka ulipe. Ni kama kupikiwa chakula, ukaambiwa unuse. Kebo za baharini zilikuwa hazijafika Mombasa, zilifika 2009, kwa hivyo kupakua kitu kikubwa kwa saiba ilikuwa ni kuchoma pesa kwa dakika. CD ikazunguka mikono kumi, na ndani yake kulikuwa na virusi ambavyo vilizunguka navyo.

Nitasema mazuri kwanza, maana yalikuwa mengi, na watu wanaolalamika kuhusu studio za chumbani wamesahau, au hawakuwahi kulipia studio kwa saa.

La kwanza ni muda. Nilishawahi kuandamana na rafiki yangu hadi studio moja Nairobi. Tulilipia saa mbili. Saa ya kwanza iliisha prodyuza akiongea na simu. Ya pili, jamaa akaimba mistari yake akitetemeka, na ile sauti ya kutetemeka ndiyo imebaki. Chini ya kitanda changu mtu aliimba mara arobaini. Akikosea, unafuta. Wasichana wa kwaya ya kanisa, ambao baba zao wasingewaruhusu kulala Nairobi, walikuja saa nne asubuhi na kurudi nyumbani saa kumi wakiwa na wimbo kwenye flashi. Vijana wa Kimilili waliimba Kibukusu, hakuna aliyewaambia waweke Kiingereza kwenye kiitikio ndiyo wachezwe. Halafu Sulwe FM ikawa inataka muziki wa Kibukusu. Muziki huo ulikuwa unatoka wapi, kama si vyumbani?

La pili, uliweza kujifunza kwa kuharibu. Kanda ya studio haikupewa kijana aichezee. Programu haina hasira. Nilijua kazi ya kila kitufe kwa kukibonyeza vibaya.

Mabaya yalikuja polepole, na mengi yalikuwa madogo. Kwa mfano, sauti kuchelewa. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inajaza ndoo kwanza, ndipo inapitisha. Ukiweka ndoo ya sampuli 2048, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, tayari umechelewa kama milisekunde 46 kabla hujahesabu mengine. Ukisoma unaona ni kidogo. Mwimbaji akivaa hedifoni anajisikia akijifuata nyuma kama mtoto mtukutu, na anaanza kuburuta. Ukipunguza ndoo, mashine ya zamani inashindwa, sauti inapasuka pasuka. Tulipata nafuu kwa programu ya bure iitwayo ASIO4ALL, na kwa kumwambia mwimbaji atoe sikio moja nje.

Audacity nayo ilikuwapo, ya bure na halali tangu 2000, na ilikubali hata kompyuta iliyochoka. Ilinifaa kukata mahubiri na matangazo ya mazishi. Lakini kwa miaka mingi ukiweka mwangwi ulikuwa unaupika ndani ya sauti moja kwa moja. Ukibadilisha mawazo kesho, pole. Ya kujaribu athari huku ukisikiliza ilikuja 2022. Biti nayo, huwezi kuijenga humo kwa raha.

Sasa mjomba.

Mama yangu ni wa Bungoma, karibu na Chwele, na kaka yake, khocha wangu, alipiga litungu. Litungu ni kinanda cha nyuzi saba, na nyuzi zake, ambazo zamani zilikuwa kano za mnyama, kwake zilikuwa za nailoni. Alipiga harusini, matangani, na kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa kutahiri, hungempata nyumbani. Mwaka 2012, baada ya msimu kuisha, nilimwomba aje Kitale nimrekodi. Akapanda matatu Chwele, akapitia Kimilili na Kamukuywa, litungu kwenye gunia, akafika Matisi saa tano na kuku mmoja.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilifungua Fruity, nikaweka mwendo, nikamvalisha hedifoni, na metronomu ikaanza kugonga: ti, ti, ti, ti. Khocha akasikiliza. Akaweka kidole kwenye uzi. Akakiondoa.

"Omwiwana," akasema, "ni nani huyu anabisha hodi na haingii?"

Nikamweleza kwamba ni wa kumsaidia asipotee njia. Akanitazama kwa upole mwingi, akavua hedifoni, akaiweka kitandani. "Mimi sijapotea," akasema. Akafunga kengele zake mguuni, akapiga bila hodi, dakika kumi na saba bila kusimama. Sikuwahi kusikia kitu kama kile chumbani mwangu. Alianza taratibu. Alipofika kwa habari ya babu yake aliyekimbilia mlimani alikaza mwendo bila hata kujua, kisha akautuliza tena alipotaja majina ya waliokufa. Nilirekodi traki mbili, moja ya litungu na moja ya sauti na kengele.

Aliporudi Bungoma nikaanza kuharibu.

Ukifungua Fruity unakuta gridi, mistari inayokata muda vipande sawa, visanduku vinne vinne. Biti niliyokuwa nimejenga ilikaa hapo vizuri. Litungu halikukaa. Mara limetangulia, mara limechelewa, na mkono wake ulikuwa unahesabu tatu na mbili kwa pamoja mahali ambapo mimi nilihesabu nne. Nikalikata vipande vidogo, nikasogeza kila kipande mpaka kikashika mstari. Usiku mbili. Sauti nayo haikukubaliana na kinanda changu, kwa sababu khocha alikaza nyuzi kufuata koo lake la siku ile, na uzi wake wa tatu ulikaa katikati ya noti mbili za piano, mahali ambapo piano haina kitu. Nikapitisha Auto-Tune. Programu hiyo ilitoka 1997, imeandikwa na Andy Hildebrand, ambaye hesabu zake alizizoelea kwenye kazi ya kutafuta mafuta ardhini kwa mitikisiko. Kwa khocha haikutafuta chochote. Ilisukuma kila noti hadi kwenye nyumba iliyo karibu. Dakika kumi na saba nikazifanya tatu na nusu. Sahani ya 78 haikuwa na la ziada.

Nikatoa MP3, nikampelekea. Alisikiliza kwa simu yangu nje ya nyumba yake, kuku wakipita. Wimbo ulipoisha alitabasamu.

"Ni safi. Umeipiga pasi."

Sikujua kama ni sifa. Nikasema asante, khocha. Vijana wa pale waliipenda sana, ikaingia kwenye simu zao, na kwa miezi kadhaa mimi nilikuwa mtu Chwele.

Siwezi kusema programu ndiyo ilinilazimisha. Fruity ina mahali pa kushusha au kupandisha noti kidogo kidogo, na gridi unaweza kuizima. Mwendo pia unaweza kuupanda na kuushusha ukiwa na subira. Ila vitu hivyo vimefichwa ndani, na mistari iko mbele ya uso wako tangu dakika ya kwanza. Ile niliyoanza nayo ilifunguka kwa mwendo wa 140, na nilikaa miezi sita bila kujua kwamba 140 inabadilishwa. Mtu anayejifunza peke yake chumbani huamini kwamba kile programu imeweka mezani ndicho muziki ulivyo. Nilikuja kuhamia Reaper, iliyoandikwa na Justin Frankel, yule yule wa Winamp, ambayo leseni yake ya mtu binafsi ilikuwa dola 60, na faili yake ya kusakinisha ni ndogo kuliko video fupi ya WhatsApp. Humo unaanza na sauti ya mtu, kisha gridi unaivuta imfuate yeye. Sura yake haivutii, na haikupi biti tayari, ndiyo maana wenzangu wengi waliikataa. Laiti ningalikuwa nayo 2012.

Lakini kupiga pasi si kosa kubwa nililofanya. Nguo iliyopigwa pasi unaweza kuikunja tena, ukiwa nayo.

Mwanzoni mwa 2014 stima ilipotea Matisi, ikarudi kwa nguvu, na diski ikafa. Sikuogopa sana, kwa sababu nilikuwa na nakala. Kila kazi ya Fruity niliinakili kwenye flashi, faili ndogo ndogo zinazoishia na flp, na nilizipenda kwa sababu hazijazi nafasi. Nikaenda saiba ya rafiki, nikafungua kazi ya khocha. Ikafunguka. Rangi zote zipo, kila kipande nilichokata kipo mahali pake kwenye mstari, majina niliyoandika yapo: litungu 1, litungu 2, khocha sauti. Nikabonyeza kucheza. Biti ikapiga peke yake.

Faili ya flp haibebi sauti uliyorekodi. Inabeba maelezo ya sauti iko wapi. Ni ramani ya nyumba, na nyumba ilikuwa kwenye ile diski. Kuna kitufe cha kufunga kila kitu pamoja kwenye kifurushi kimoja, na Reaper nayo ina mahali pa kuiambia ikusanye sauti zote kwenye folda ya kazi. Dakika mbili za sauti ya traki moja, ya ubora wa kawaida wa bit 24, ni kama megabaiti 16. Dakika kumi na saba, traki mbili, hazifiki 300. Zingetosha kwenye flashi ya shilingi mia nane.

Mwaka huo huo, 2014, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini, ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walirudisha nakala za zile rekodi Kapkatet. Miaka 64 ilikuwa imepita. Walikuta wazee ambao Tracey aliwarekodi wakiwa vijana, wakajisikia. Nilisoma habari hiyo kwa simu, nimekaa kwenye kile kitanda. Yangu haikufika miaka miwili.

Nilijiambia nitamrekodi tena khocha, safari hii bila hodi na bila pasi. Nilimwambia hata yeye. Akasema tungoje msimu wa 2016 uishe ndipo mkono uwe umekolea. Msimu ukaisha, na kabla ya Krismasi akafariki.

Kwenye ukumbusho wake, mwaka uliofuata, binti yake aliunganisha simu na spika, akaucheza ule wimbo wa dakika tatu na nusu. Watu wakainuka, mabega yakaanza kutikisika kamabeka vile inavyotakiwa, na mama yangu akalia akicheka. Nilikaa nyuma karibu na jiko. Mzee mmoja ambaye alipiga pamoja na khocha miaka mingi alichukua litungu lake ili afuatane na rafiki yake. Alijaribu, akaacha. Akasogea karibu na spika, akainamisha kichwa, akajaribu tena, akaacha. Uzi wa tatu ulikuwa unagombana na spika.

Wimbo ulipoisha akamwomba msichana aurudie. Huku ukicheza, sikio lake likiwa kwenye spika, akaanza kukaza nyuzi moja moja mpaka zikafanana na simu.